Materneli inauza maonyesho, na mtoto mlemavu anaiharibia biashara

Jakaranda za Lubumbashi zikianza kuchanua, ujue masomo yamefunguliwa na mabango ya shule yamepakwa rangi upya. Mwaka huu, kati ya Kenya na Katuba peke yake (Kenya komini yetu, yaani sehemu ya mji, si nchi ya kule mashariki), nimeona materneli tatu, yaani shule za watoto wadogo kabla ya shule ya msingi, zilizojiongezea neno ambalo mwaka jana halikuwapo: inclusive. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi husema elimu jumuishi. Sisi tumelibeba neno la Kifaransa jinsi lilivyo na kulitundika juu ya mlango. Bango moja limechorwa mtoto katika kiti cha magurudumu, anacheka, nyuma yake majani ya kijani. Ili ufike kwenye mlango wenyewe wa shule hiyo lazima uvuke mtaro, na daraja lake ni ubao mmoja wenye upana wa viatu viwili.

Nimewasikiliza watu wakilijadili neno hilo kwenye teksi na baada ya misa. Wako wanaoshangilia: hatimaye watoto waliofichwa nyuma ya nyumba watatoka. Wako wanaonung'unika: darasa litajaa vilema, na mtoto wangu ninayemlipia atajifunza nini? Makundi haya mawili hayapatani, lakini yanalisoma bango kwa namna moja, kwamba kujumuisha ni kumfungulia mlango mtoto mwenye ulemavu, basi. Mimi naona mlango ndio sehemu rahisi ya kazi hii. Kinachomtoa mtoto huyu katika materneli zetu ni ile bidhaa zinayouza, yaani mtoto anayekariri Kifaransa mbele ya wazazi mwezi wa saba. Tena pesa ya umma inaanza kumtambua mtoto akifika primeri, yaani shule ya msingi, akiwa na miaka sita hivi, wakati miaka ambayo angesaidika kwa urahisi zaidi imeshapita. Mambo hayo mawili yasipoguswa, inclusive itabaki kuwa rangi kwenye bati.

Tuanze na karatasi, maana karatasi tunazo. Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 inasema katika kifungu cha 43 kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma, na kifungu cha 49 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee. Tarehe 30 Septemba 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinahusu elimu. Kisha ikaja sheria Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi ambao wenye mabango wangeusoma kabla ya kununua rangi. Inatenganisha hali nne: kumnyima mtoto shule, kumpeleka kwenye shule ya pekee yake, kumwingiza katika shule ya wote ili ajipange mwenyewe, na kuibadilisha shule yenyewe ili imfae. Hii ya mwisho tu ndiyo inaitwa kujumuisha. Kwa kipimo hicho, mabango yetu yanaahidi la nne, na mwenye shule anafikiria la tatu.

Sasa tazama pesa. Elimu ya bure tuliyoanza Septemba 2019 ilianzia mwaka wa kwanza wa primeri katika shule za umma. Materneli ilibaki nje, na hapa mjini kusema materneli ni kusema shule ya kulipia. Kwa hiyo uamuzi wa nani asome materneli unafanywa mezani, mbele ya sahani ya bukari (ugali wetu), kati ya baba na mama wenye watoto wanne au watano na mshahara usiofika tarehe 15. Familia hiyo ikiwa na pesa ya mtoto mmoja, itamchagua yule inayetumaini atairudishia kitu kesho. Siwalaumu. Nimekaa kwenye meza kama hizo na najua hesabu yake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto aliyehitaji miaka mitatu ya maandalizi kuliko ndugu zake wote ndiye anayeyakosa, halafu anapofika miaka sita au saba anapelekwa primeri ya bure, kwenye darasa lililofurika tangu 2019, akiwa hajawahi kukaa kwenye duara na wenzake wala kusubiri zamu. Mwezi wa kumi na mbili mwalimu anaandika kwamba mtoto hafundishiki. Mwalimu huyo hasemi uongo. Anapima miaka mitatu iliyopotea, kisha anaiandikia jina la mtoto.

Ukitaka kuelewa kwa nini hata familia yenye pesa inakwama, lazima utazame materneli yenyewe inaishi vipi. Wazee wa hapa wanakumbuka enzi ya kampuni ya madini ya Union Minière na baadaye Gécamines, wakati kampuni iliitwa baba na mama: shule, hospitali, unga, vyote vilitoka kwake. Baba huyo alipofilisika, shule za watoto wadogo zikawa biashara ya mtu binafsi, mara nyingi sebuleni au gereji iliyopigwa plasta na kuchorwa Mickey. Biashara haina aibu, na nyingine zinaendeshwa kwa moyo mkubwa. Ila kila biashara ina dirisha lake la kuonyeshea bidhaa, na dirisha la materneli ni siku ya proklamasio, yaani ya kutangaza matokeo, mwezi wa saba. Watoto wa miaka minne wanavalishwa joho na kofia ya chuo kikuu, wanapanda jukwaani mmoja mmoja, wanasema Bonjour chers parents (habari, wazazi wapendwa), wanataja siku saba za wiki, wanashuka kwa makofi na karanga za kutupiwa. Mama anayerekodi kwa simu ndiye tangazo la mwaka ujao. Sasa mweke hapo mtoto wa miaka mitano ambaye hasemi, au anayepiga kelele akisikia spika, au ambaye lazima abebwe kupanda ngazi. Anaharibu dirisha. Hakuna mwenye shule atakayekuambia hivyo; atakuambia hana wataalamu.

Dada yangu aliambiwa hivyo miaka michache iliyopita. Mtoto wake alikuwa na miaka minne, miguu imekaza tangu kuzaliwa, akili kali kama wembe. Minervali, yaani ada, ilishalipwa, tabliye (aproni ya shule) ya miraba ya bluu ilishashonwa na jina limetariziwa mfukoni. Siku ya tatu mkuu wa shule, ambayo sitaitaja, alimwita na kumwambia kwa sauti ya upole kabisa: tutamchukua, lakini mama ubaki naye darasani kila siku, na siku za wageni asije. Dada yangu anauza samaki wabichi. Kila siku darasani maana yake hakuna samaki, na bila samaki hakuna minervali. Upole ule ulikuwa na mantiki iliyofungwa pande zote, na ninauheshimu kama hesabu hata leo ingawa unanichoma.

Hoja ya wazazi wengine ndiyo dhaifu kuliko zote, lakini kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi, tuimalize. Wanasema mtoto wangu ataambukizwa, au ataiga. Kuhusu kuambukizwa, wengi wanafikiria kifafa. Hapa kwetu mtoto akianguka kwa kifafa watu bado wanakimbia povu lake, eti likikugusa umekipata. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo; hakimo ndani ya mate. Anayemkimbia mtoto huyo anamwacha apige kichwa kwenye sementi, na kichwa hicho ndicho kitakachomletea ulemavu wa pili. Anachohitaji ni mtu mmoja wa kumlaza kiubavu, kuondoa viti, kutomtia kijiko mdomoni, na kumsubiri. Hilo hata mtoto wa miaka sita anaweza kulijua. Kuhusu kuiga, wazazi wanaotoa hoja hiyo hawaoni kwamba wanatetea upande wangu. Kama kweli watoto wa miaka minne wanaigana kwa nguvu hivyo, basi mtoto asiyesema awekwe mahali gani, kati ya wanaosema au kati ya wenzake kumi wasiosema? Tafiti zilizofanywa Marekani na Ulaya zinaonyesha kwa jumla kwamba watoto wasio na ulemavu hawarudi nyuma kwa sababu ya kukaa na wenzao wenye ulemavu. Marekani ilikuwa imeshaamua mwaka 1972 kwamba angalau asilimia 10 ya nafasi za Head Start, programu yake ya watoto wadogo wa familia maskini, ziwe za watoto wenye ulemavu. Nusu karne imepita, na watoto wa Head Start hawajaambukizana lolote zaidi ya mafua.

Hoja ya walimu ni jambo jingine, na hapa wanaoshangilia mabango wanapaswa kunyamaza kidogo. Madamu mmoja mwenye watoto 40 wa miaka mitatu hafundishi, anahesabu vichwa. Anapeleka watano chooni, anarudi, wawili wamemwagiana uji, mmoja amelala, mwingine anaita mama. Mletee hapo mtoto anayehitaji kushikwa mkono kila akisimama, halafu umwambie ni sheria. Atafanya kile ambacho ungefanya wewe: atamweka mtoto huyo kwenye kona na plastiki ya kuchezea, mpaka saa sita. Nimeona kona hizo. Mtoto yumo darasani, jina lake limo kwenye rejista, bango haliongopi, na hakuna aliyemsemesha tangu asubuhi. Zile tafiti za Ulaya na Marekani nilizozitaja zilifanywa katika madarasa madogo yenye mtu mzima zaidi ya mmoja, na anayezinukuu Lubumbashi bila kusema hivyo anadanganya. Italia ilipoondoa madarasa ya kutenga kwa sheria Na. 517 ya mwaka 1977, sheria hiyo hiyo ilileta mwalimu wa msaada, na katika shule za kati ikaweka kikomo cha wanafunzi 20 kwa darasa linalompokea mtoto mwenye ulemavu. Sisi tumechukua sentensi ya kwanza ya Waitalia tukaacha ya pili. Walimu wetu wana haki ya kukasirika, hasa wale ambao hata kwenye orodha ya malipo ya Serikali hawamo, wale tunaowaita NU (nouvelles unités).

Lakini kutoka hoja hiyo watu wengi wanaruka hadi mkataa ambao hautokani nayo: basi watoto hawa wapelekwe kwenye vituo vyao. Vituo maalumu katika miji yetu vimefanya kazi kubwa, vingi vikiwa mikononi mwa mashirika ya kidini, kwa miaka ambayo Serikali ilikuwa haioni kitu. Vina watu wanaojua kunyoosha mguu uliokaza, na maarifa hayo huyapati kwenye semina ya siku mbili. Ila ni vichache, viko mbali, na mama wa Ruashi au wa Annexe hawezi kulipa teksi nne kila siku akiwa na mtoto wa kilo 15 mgongoni. Pia mtoto wa miaka minne haishi ili anyooshwe mguu tu. Kuna vitu anavyovipata kwa watoto wenzake peke yao, kama kunyang'anywa mpira na kuurudisha, kucheka kitu ambacho mtu mzima hakielewi, na kupata rafiki wa mtaa ambaye kesho atapita kumwita getini. Kituo kinaweza kumtuma mtaalamu wake mara moja kwa wiki kwenye materneli tatu za karibu, akamwonyesha madamu namna ya kumkalisha mtoto asitumbukie upande. Hilo ni gharama ya pikipiki na saa chache.

Kuna kundi moja ambalo kwalo nitarudi nyuma bila kubishana, nalo ni viziwi. Mtoto asiyesikia akiwekwa peke yake kati ya watoto 30 wanaosikia, na madamu asiyejua ishara hata moja, hajajumuishwa; amefungiwa chumbani penye watu. Yeye anahitaji lugha kwanza, na lugha ya ishara haijifunzwi na mtu mmoja. Anahitaji wenzake, na watu wazima viziwi wanaoizungumza kwa kasi. Hata kifungu cha 24 cha mkataba kinalijua hilo, kinataka lugha ya ishara ifundishwe na utambulisho wa jamii ya viziwi ulindwe. Kwa hao, kukusanywa pamoja katika miaka ya mwanzo, tena mapema iwezekanavyo, ndiko kunakowapa ufunguo wa kukutana na wengine baadaye. Anayetaka kanuni moja kwa watoto wote wenye ulemavu hajakutana nao.

Jambo linalonishangaza katika mjadala wote huu ni jinsi tunavyozungumza kana kwamba materneli ni nyumba ya watoto wazima, na hawa wengine ni wageni wanaobisha hodi. Kila anayesoma pedagojia hapa hukutana na jina la Ovide Decroly, daktari wa Ubelgiji. Mwaka 1901 Decroly alifungua Brussels nyumba ya watoto waliohesabiwa kuwa na kasoro za akili, na yale aliyojifunza kwao ndiyo aliyoyapeleka mwaka 1907 katika shule yake ya watoto wa kawaida. Mwaka huo huo Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, akitumia vifaa alivyokuwa amevijaribu kwa watoto waliotengwa kama punguani. Zile silinda za mbao za kupangwa kwa ukubwa, zile herufi za kupapaswa kwa kidole, kule kuanzia kwenye kitu kinachoshikika kabla ya neno, vyote ambavyo leo materneli ya gharama inaviweka kwenye picha za matangazo, vilipatikana kwa watoto ambao materneli hiyo hiyo inawafungia geti. Kwa hiyo sioni madamu anayejifunza kumfundisha mtoto wa trisomia 21 (ugonjwa wa Down) kuwa anaongezewa kazi ya pembeni. Anarudi kwenye chimbuko la kazi yake. Na watoto wengine 29 watafaidi, maana wao pia wana miaka minne na hawakuumbwa kwa kukariri.

Halafu kuna lugha, ambayo kwangu ni nusu ya tatizo na haitajwi na mtu. Mtoto wa Lubumbashi analelewa kwa Kiswahili chetu cha mji. Akifika mlangoni mwa materneli anavuliwa lugha hiyo pamoja na kandambili. Mtoto mchangamfu atajikokota, baada ya miezi sita atakuwa na maneno hamsini ya Kifaransa na baba atafurahi. Lakini mtoto aliyechelewa kusema, ambaye nyumbani ndiyo kwanza ameanza kuunganisha maneno mawili, anajengewa ukuta wa pili juu ya ule aliozaliwa nao. Nilikuwapo siku moja mtoto wa namna hiyo, msichana wa miaka minne na nusu, aliposimama mbele ya ndoo akasema wazi kabisa: mayi, yaani maji. Lilikuwa neno lake la kwanza shuleni tangu mwaka uanze. Madamu akamsahihisha kwa Kifaransa: on dit de l'eau (tunasema de l'eau). Mtoto akatazama ndoo, akatazama madamu, akaenda kukaa bila kunywa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazikubali lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na Kiswahili ni moja ya nne zinazotajwa na Katiba. Kwa hiyo madamu angeweza kumpa yule msichana maji na kumsifu kwa Kiswahili, bila kuvunja sheria yoyote na bila kutumia hata faranga moja. Asingekuwa amevunja chochote isipokuwa maonyesho ya mwezi wa saba.

Kabla ya materneli, watoto wengi wa namna hii wanapitishwa kwenye maombi. Sisemi dhidi ya maombi. Nasema juu ya vyumba ambako mtoto anayepiga kelele usiku, au asiyemtazama mtu machoni, anapewa jina la mchawi, anafungishwa asile siku tatu, anapakwa vitu machoni. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu. Lakini sheria haifiki kwenye chumba hicho, na aliye karibu nacho kuliko polisi wote ni madamu wa mtaa. Mtoto anayekuja shuleni kila asubuhi anaonekana. Ana mtu wa kuuliza kwa nini leo hakuja, wa kuona jeraha, wa kumwambia mama kwamba mtoto asiyegeuka ukiita huenda hasikii, mpeleke akapimwe masikio kabla ya kumpeleka kwa pasta. Au kwamba macho ya manjano na maumivu ya mifupa ni ya kupima SS (selimundu), kabla damu haijaganda kichwani na upande mmoja wa mwili kupooza. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, ila methali hiyo tunaitumia kwa adabu na fimbo. Kwa masikio na miguu tunasubiri akauke.

Basi pesa itoke wapi? Hapa ndipo mijadala yetu hufia, kila mtu akitazama Kinshasa. Kuomba materneli yote iwe bure kesho ni kujidanganya, wakati ile bure ya primeri bado inadaiwa na walimu wake. Mimi ningeanza na kitu kidogo: mtoto mwenye ulemavu asilipiwe na wazazi mwaka ule mmoja kabla ya primeri, na kila materneli inayompokea ipate mtu mzima wa pili darasani. Mtu huyo hahitaji digrii. Anaweza kuwa binti aliyemaliza humanite za pedagojia (sekondari ya ualimu) na anauza vocha kwenye mwavuli, na wako wengi. Mtu wa pili ndiye anayegeuza kona ya plastiki kuwa nafasi ya kujifunzia, kwa sababu mmoja akipeleka watano chooni mwingine amebaki. Nikiambiwa nichague kati ya kumpeleka madamu kwenye semina ya hotelini na kumwajiri mtu wa pili, nitachagua mtu wa pili bila kufikiri mara mbili.

Na jimbo letu la Haut-Katanga haliwezi kusema halina mahali pa kuitoa pesa hiyo. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, yaani komini, sekta au usultani. Juu ya hapo, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wananchi wanaouzunguka mgodi. Nenda Ruashi uone jinsi mgodi na nyumba za watu vinavyotazamana, halafu ujiulize wananchi wanaouzunguka ni akina nani kama si watoto hao. Tena sisi tuna sababu ya ziada ya kudai. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Lubumbashi, ukilinganisha watoto wachanga waliozaliwa na kasoro za kimaumbile na wasio nazo. Watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na madini walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro hizo. Utafiti mmoja haufungi kesi, na sisemi kila mtoto mlemavu wa mji huu ametoka mgodini. Mpwa wangu baba yake ni fundi viatu. Ninachosema ni kwamba mji unaopata faida kutokana na vumbi hilo hauwezi kuliita suala la watoto hawa sadaka ya wafadhili.

Asilimia 15 hizo zinapofika kwenye komini huwa zinaonekana kama ukuta, geti, gari la mkuu, wakati mwingine barabara, ambayo naisifu. Sijawahi kuziona kama mshahara wa msichana anayekaa kwenye mkeka na watoto watatu wasioweza kusimama. Komini zinatengeneza bajeti zao kila mwaka, na kamati za wazazi zina haki ya kubisha hodi kabla hazijafungwa, badala ya kusubiri mwezi wa saba na kupiga makofi. Kamati ya kartiye (mtaa) yetu imekubali kwenda, tuko watu sita, na dada yangu ni mmoja wao, ameshasema siku hiyo samaki watamsubiri. Wakituambia hakuna pesa, tutaomba daftari la mgawo wa madini la mwaka uliopita, tulisome pamoja nao pale pale mezani.